Sakafu ya Mikono Ishirini na Mitatu

Kabla ya adhana ya alfajiri shimo la bafu langu lilianza kukoroma. Lilianza taratibu kama mtu anayesukutua koo, halafu likatoa mapovu, blu, blu, blu. Nililala nikilisikiliza. Kwa wiki mbili nilikuwa nimejifunza tabia zake. Likikoroma mara moja, maji taka yamepanda mpaka ukingoni. Likikoroma mfululizo, yanatoka.

Siku hiyo yalikuwa yanatoka. Nikavaa gambuti za marehemu mume wangu, nikaokota kiatu cha ndani nikakigonga ukutani mara tatu ili Bi Hikma wa nyumba ya pili ajue. Naye akagonga mara tatu. Ndivyo tulivyoamkiana Novemba ile ya mwaka 1997, mwaka wa mvua za Elnino.

Nyumba zetu zilikuwa safu ya chini ya mtaa, upande unaotelemka kuelekea bonde la Mathare. Mvua ikinyesha Eastleigh, sisi ndio tuliopokea maji. Kwa kawaida mtaro mkubwa wa maji taka uliyameza. Mwaka ule mtaro ulikuwa umeziba mahali fulani chini ya ardhi, na kila kilichotoka vyooni mwa safu ya juu kilikuja kututembelea sisi.

"Mama Luseno, kwako yamefika wapi?" Bi Hikma aliniuliza kabla sijavuka kizingiti chake.

"Mguu wa meza. Na kwako?"

"Kwangu yanabisha hodi. Sijayafungulia."

Alikuwa amejaza magunia ya mchanga mlangoni, na juu ya magunia ameweka nailoni na mawe. Tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza kwa sababu nyuma ya pazia mtoto alilia, sauti nyembamba kama ya paka mchanga.

Huyo alikuwa Rayyan, mjukuu wake. Muhiba, binti ya Bi Hikma, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mamake kama ilivyo desturi yao, na alipaswa kukaa ndani mpaka arobaini yake iishe. Siku hiyo ilikuwa ya ishirini na mbili. Mumewe Idarusi alikuwa Mombasa kikazi, na barabara ya Mombasa ilikuwa imekatwa na mafuriko. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na Muhiba mwenyewe alikuwa na mshono wa upasuaji. Muuguzi wa zahanati alimpima mtoto akatuambia bila kuzungukazunguka: "Mkimweka pakavu na pa joto, huyu atakua. Maji haya yakiingia chumbani mwake, mimi sina dawa ya kuwaahidi."

Tulijua alichomaanisha. Mtoto wa nyumba namba kumi na sita alipelekwa hospitali Jumatatu kwa kuhara, akarudishwa Alhamisi amefunikwa.

Mtu anaweza kuuliza mbona hatukumhamisha. Tumhamishie wapi? Msikiti ulikuwa umefungua vyumba vya madrasa na kanisa letu limefungua ukumbi, na kote kulijaa watu wakikohoa. Safu ya juu kila chumba kilikuwa na familia mbili au tatu. Kwa Triza, jirani yetu wa safu hiyo, walikuwa watu kumi na mmoja, na bado kila asubuhi alishuka kwetu akiwa ameinua sketi mpaka magotini, amebeba chupa ya uji wa Muhiba kichwani ili isiguse hata tone la uchafu.

"Uji wa mzazi huu," aliita kutoka mbali. "Mzee yeyote akiuonja nitamwambia mkewe!"

Basi tulikiinua kitanda cha Muhiba juu ya mawe ya kujengea. Kwanza jiwe moja kila mguu, kisha mawili, sasa matatu. Bi Hikma alichora mstari wa makaa kwenye ukuta wa nje, kando ya mlango, kila maji yalipopanda. Baada ya mawe matatu kitanda kilianza kuyumba. La nne lisingewezekana.

Ripoti tulikuwa tumepeleka mara nne kwenye ofisi inayoshughulikia mitaro. Mara ya tano, siku hiyo hiyo, wakamtuma Bwana Mulwa.

Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, suruali ameikunja, ramani ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alianzia kona ya nyumba namba moja, akavuta utepe wake wa kupimia, akahesabu, akageuka kushoto, akahesabu tena. Sisi wanawake tulimfuata kama wanaosindikiza bwana harusi. Alipomaliza alikuwa amesimama juu ya sakafu yetu ya kufulia. Akatazama ramani, akatazama miguu yake, akakanyaga kwa kisigino.

"Kifuniko cha mtaro kinapaswa kuwa hapa," alisema. "Hapa hasa. Lakini hakionekani."

Mimi nilihisi uso ukiniwaka.

Ile sakafu tuliijenga mwaka 1989, wanawake ishirini na watatu wa mtaa ule. Kabla yake tulifua matopeni, nguo ikitoka kwenye beseni chafu kuliko ilivyoingia. Tulifanya harambee, tukabeba mchanga na kokoto kwa vichwa vyetu, na tulipotafuta mahali pagumu pa kuweka msingi, tukaona duara la chuma limekaa ardhini limetulia kama sahani. Tukasema Mungu ametuwekea msingi. Tukamwaga simiti juu yake, tukaacha tundu la kupitishia maji ya sabuni kwenye mwanya ukingoni mwa duara lile. Kila sehemu ilipomalizika fundi alituambia tukandamize viganja vyetu, kila mmoja kimoja, kwenye simiti mbichi. Diwani wa wakati huo akaja akakata utepe. Watu walitoka Huruma kuja kuona mahali wanawake walipojenga bila waume zao kuwashika mkono.

"Nani aliwaambia mjenge juu ya kifuniko?" Bwana Mulwa aliuliza.

"Na nani alituambia kuna kifuniko?" Triza akamrukia. Triza ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake. "Ofisi yenu ilimtuma hata mbwa aje abweke?"

"Mama, ramani iko ofisini tangu mwaka sitini na tatu."

"Basi ilituotesha ndoto, sisi tukasahau tulipoamka!"

Hata Bwana Mulwa alitabasamu. Kisha akakunja utepe wake. "Sikilizeni. Mtaro umeziba hapa, chini ya sakafu. Ili kuufungua ni lazima hii ivunjwe. Na mimi siwezi kuigusa. Ilifunguliwa rasmi na diwani, hii ni mali ya umma. Mali ya umma haivunjwi bila kibali cha kamati. Kamati itakutana Desemba tarehe kumi na tano."

Ilikuwa Novemba tarehe kumi na nane.

Nilimwambia, "Bwana Mulwa, twende nikuonyeshe kitu." Nikampeleka mpaka mlangoni kwa Bi Hikma. Alisimama nje ya magunia ya mchanga. Muhiba hakuonekana, pazia lilikuwa limeteremshwa, lakini mtoto alilia. Bwana Mulwa alivua kofia yake kama mtu aliyefika matangani.

"Ana siku ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Aliangalia mstari wa makaa ukutani, ule wa juu kabisa, na jinsi ulivyokaribia kimo cha godoro nilichomwonyesha kwa mkono. Akasema, "Nitaandika ripoti ya dharura. Lakini mama, mfuate karatasi kwa miguu yenu. Karatasi zetu haziendi peke yake."

Kesho yake mimi na Triza tukaingia mjini, kwenye ofisi ya akina Bwana Mulwa. Dirisha la tatu walisema ombi letu ni zuri lakini linaenda dirisha la tano. La tano walitaka barua ya chifu. Tukarudi kwa chifu, naye, Mungu ambariki, aliiandika akiwa amesimama kizingitini kwake huku chai yake ikipoa. La tano wakapiga muhuri wakatutuma la saba. La saba yule bwana alisoma kila kitu pole pole, akasema inatakikana nakala ya ombi la awali.

"Ombi gani la awali?" Triza akauliza.

"La kujenga."

"Hatukuomba. Tulijenga."

"Basi mtavunja vipi kitu ambacho hakikuombewa?"

Triza alifungua mdomo. Nilimbana mkono, kwa sababu nilijua kitakachotoka humo kingetufukuzisha. Siku mbili tulisimama katika korido ile. Jioni nilirudi nikakuta Bi Hikma ameongeza mstari mwingine wa makaa. Hakuniuliza ofisi ilisemaje. Alinipokea kwa kikombe cha chai ya tangawizi, akaniinulia kiti juu ya meza ili miguu yangu ikauke.

Ijumaa wakatutuma dirisha la tisa, pale wanapotunza mafaili ya zamani. Tulifika mwanamke kijana akiwa anavuta kijipazia ili aende kula. Jina lake liliandikwa kwenye kibao, Lydiah. Alitutazama, akatazama gambuti zangu, akakifungua tena.

"Nyanya, ingia huku ndani ukae," alisema.

Katika siku tatu ndiye mtu wa kwanza kuniambia nikae. Nilikaa kwenye kiti chake mwenyewe. Nikamweleza yote, sakafu, kifuniko, mtoto, mawe matatu. Hakuandika. Alisikiliza tu, na nilipofika kwenye mawe matatu akasimama akaenda ndani kwenye rafu. Tulimsikia akipiga chafya kwa vumbi. Alirudi na faili jembamba lililofungwa kwa uzi.

"Kumbe mliandika barua," alisema. "Baada ya kufunguliwa, mwaka themanini na tisa, mliomba ofisi iipokee hii sakafu iwe inaitunza."

"Ndiyo," Triza akasema. "Hawakujibu."

Lydiah alifungua kurasa moja moja. Kulikuwa na muhuri, na mwingine, na mwingine. Alipofika ukurasa wa mwisho aliuweka juu ya meza. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini, mkono mdomoni.

"Hapa ilipaswa kuwekwa sahihi ya afisa wa mali. Alihamishwa. Aliyekuja baada yake naye akahamishwa. Faili limekuwa likingoja sahihi hii tangu Machi themanini na tisa."

"Miaka minane?" nikauliza.

"Miaka minane, nyanya. Sakafu yenu haijapokelewa. Si mali ya umma. Ni yenu."

Triza alishika ukingo wa dirisha. "Sasa kibali cha kuvunja tunakipata wapi?"

"Mtu akivunja kitu chake mwenyewe," Lydiah alisema, "sisi hatuna fomu ya hiyo."

"Na kile kifuniko cha chini? Si ni chenu?"

Alichukua ripoti ya Bwana Mulwa akaisoma kwa sauti ya kiofisi: "'Kifuniko hakionekani.' Basi kwetu hakijapatikana. Mkikipata mtujulishe."

Aliandika kwa mkono mistari mitatu kwamba rekodi za ofisi hazionyeshi sakafu ile kuwa mali ya umma, akaweka jina lake na tarehe. Angeweza kutafutiwa makosa kwa karatasi ile. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Chakula chake kilikuwa bado kwenye mfuko. Saa yake ya kula ilikuwa imekwisha.

Jumamosi asubuhi mvua ilitulia kidogo. Wanawake wote waliobaki wa kikundi walikuja, tukiwa kumi na saba, kwa kuwa wengine walihama na watatu walikuwa wamefariki. Kutoka Kiamaiko alikuja Wehliye na vijana wake watatu, wakiwa na nyundo kubwa na mtaimbo. Wehliye alikuwa mchinjaji wa mbuzi. Bi Hikma alikuwa akinunua kwake kichwa cha mbuzi cha supu ya Muhiba, na tangu aliposikia maji yamekaribia kitanda alikuwa akikataa kupokea pesa ya kichwa hicho.

Kijana mmoja aliinua nyundo. Triza akasema, "Ngoja."

Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, akipangusa tope kwa kanga. Kiganja cha marehemu dadake, Everline, kilikuwa pale, kidole cha mwisho kimepinda kidogo kama alivyokuwa nacho. Everline hakuacha picha. Alikufa mwaka tisini na tatu, na siku nyingine nilimkuta Triza akifua kwenye kona ile peke yake hata kama sakafu yote ilikuwa tupu.

"Piga tu," Triza akasema akisimama. "Mtoto ni mtoto." Lakini alitazama pembeni.

Wehliye alimnyang'anya kijana nyundo. "Hivi ndivyo utakavyoniharibia mbuzi wote," alimwambia. Akaomba maji safi, akaosha sakafu, akapiga magoti akaipapasa kwa vidole kutoka ukuta mpaka ukuta. Alirudia mara mbili.

"Mama," aliniita, "hii mlimwaga siku moja?"

Nikafikiri. "La. Simiti iliisha. Tulimalizia siku ya pili."

"Nilijua. Mbuzi hakatwi mfupani, hutafutwa kiungo. Kiungo hiki hapa." Aliweka kidole changu juu yake. Nilihisi mfereji mwembamba kama uzi, uliogawa sakafu mafungu mawili. "Ramani ya yule bwana inasema kifuniko kiko upande gani?"

"Upande huu."

"Basi tutavunja nyama ya upande huu tu. Ule mwingine utabaki."

Kona ya Everline ilikuwa upande wa pili. Triza alijifunika uso kwa kanga, na Bi Hikma akamshika mabega.

Upande wa kuvunjwa ulikuwa na viganja tisa, kimoja kikiwa changu. Wehliye aliniuliza kama niko radhi.

"Piga, mwanangu," nikamwambia. "Mkono wenyewe ninao bado."

Walipiga kwa zamu. Simiti yetu ilikuwa ngumu, na nakiri nilifurahi kuona vijana wanne wenye nguvu wakitokwa na jasho kwa kazi ya wanawake. "Mlichanganya na nini hii?" mmoja alilalamika. Bi Hikma akamjibu, "Na maneno yetu!"

Kabla ya saa sita alitokea Bwana Mulwa, bila ramani, amevaa gambuti, amebeba fito ndefu za chuma za kuzibulia mitaro.

"Leo niko likizo ya ugonjwa," alisema, akakohoa mara moja. "Sijafika hapa. Kifuniko kikionekana, watu wote warudi nyuma, mtu asiiname. Kwanza hewa mbaya itoke."

Kifuniko kilionekana. Walikiinua kwa mtaimbo, tukarudi nyuma tukiziba pua, tukangoja alivyotuamuru. Halafu Bwana Mulwa akaingiza fito, akaunganisha nyingine, akasukuma, akazungusha, akavuta. Kilichotoka ni furushi zito la nguo. Soksi, vitambaa, nepi, vipande vya sabuni vilivyoshikana kama mawe, mpaka shati la shule la kitinda mimba wangu, ambalo nilimchapa kwa kulipoteza. Miaka minane tundu letu la sabuni lilikuwa likimeza vitu tulivyoviacha bila kuangalia. Mvua iliongeza, lakini mwanzo tuliuweka sisi wenyewe.

"Hizi za nani?" Bwana Mulwa akauliza, ameinua suruali ya ndani kwa ncha ya fito.

Hakuna aliyedai. Tulicheka mpaka tukashikana.

Alisukuma tena. Chini kabisa kitu kilikohoa, na maji ya mtaa mzima yakaanza kuzunguka kuelekea shimoni. Bi Hikma alikimbia, nami nikamfuata nilivyoweza. Mlangoni pake maji yalikuwa yakishuka kwenye magunia ya mchanga, kidole, vidole viwili. Alisimama akishika fremu ya mlango.

"Muhiba," aliita. "Muhiba, yanaenda."

Sauti ya Muhiba ikatoka nyuma ya pazia: "Nyanya Mama Luseno yuko hapo?"

"Niko, mwanangu."

"Nayasikia. Rayyan amelala."

Maji hayakuwahi kufika kitandani. Tuliosha nyumba zote za safu ya chini kwa dawa na maji ya moto, wanawake wa safu ya juu wakishuka na ndoo bila kuitwa. Mvua ilinyesha tena wiki ile na nyingine, mtaro ukaimeza yote. Fundi alitutengenezea sakafu upya kuzunguka kifuniko, kikiwa wazi chenye wavu juu yake, na nikaweka kiganja changu kwa mara ya pili. Kibali cha kamati kilifika Februari, kikituruhusu kuvunja ndani ya siku thelathini. Triza alikipokea kwa mikono miwili akamshukuru mleta barua.

Lakini kabla ya hapo, arobaini ilipokwisha, Muhiba alisema safari yake ya kwanza nje anataka iwe mjini, dirisha la tisa. Tulikwenda watatu, mimi, Muhiba na Bi Hikma, pamoja na mtoto. Lydiah alikuwa akiandika. Aliinua uso tayari kusema ofisi imefungwa kwa chakula, akaona gambuti zangu, akaacha kalamu.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

Muhiba alimpitishia mtoto juu ya meza. Rayyan alikuwa ameanza kupata mashavu. Alishika kalamu ya ofisi akakataa kuiachia, na watu waliopanga foleni nyuma yetu, ambao hawakutujua, walinyoosha shingo kutazama.

"Miaka sita niko hapa," Lydiah alisema, akimtazama mtoto na si sisi. "Watu huja wakiwa na shida, wanaondoka na karatasi. Sijui huishia wapi. Hakuna aliyewahi kurudi kuniambia."

Nilimwambia mstari wa mwisho wa makaa tuliuacha ukutani, kimakusudi, na kwamba haukuguswa tena. Aliitikia kwa kichwa. Alimrudisha mtoto pole pole, akimnyooshea kofia yake ya sufu kwanza, akatusindikiza yeye mwenyewe mpaka mlango wa nje ijapokuwa foleni ilikuwa ndefu.

"Nyanya," alisema, bado ameshika mguu mdogo wa Rayyan, "mje tena. Hata kama hamna barua. Akianza kutembea, mje naye."